Abee ya Majabalini

"Nani ameitikia?"

Suzana aliuliza hivyo kwa kunong'ona.

Ilikuwa mwaka 1994. Tulikuwa kwenye lile pori la matembezi mbele ya Pasiansi, tulikokwenda mwaka mzima: masika kupanda majabali, kiangazi kutembea ufukweni mwa ziwa. Jua lilikuwa linazama. Mimi na Suzana, rafiki yangu wa chumba kimoja chuoni, tulikuwa tunarudi getini.

Sisi wa huku tunajua: porini giza likianza kuingia, mtu haitwi jina. Walinzi wa zamani waligonga debe tu, watu wakatoka. Mwekezaji mpya akaona debe ni ushamba. Akaleta kipaza sauti! Eti maendeleo. Wenyeji waliulizwa lini?

Msimamizi wake, Projest, alikuwa ametuuliza majina asubuhi. Sasa akaanza kuyaita.

"Suzanaaa!"

Suzana alikuwa ubavuni mwangu. Hakufungua mdomo.

"Abee..."

Ilitoka nyuma yetu, majabalini. Sauti yake kabisa, hata mikwaruzo ya mafua aliyokuwa nayo.

Ndipo Suzana alipouliza lile swali. Nikageuka kuangalia majabalini.

"Dada, acha kujificha!" Projest akacheka getini, vichaka vikimzuia kumwona Suzana. "Njoo basi, nafunga geti!"

"Usimkaribishe!" nikampigia kelele.

"Nisimkaribishe nani? Nyie wasomi bwana, hamuishi vituko!"

"Nakuja..." ile sauti ikajibu majabalini.

Harufu ikatufikia kwanza. Tope, na kambare aliyeoza. Kisha miguu yenye maji...

Chapa.

Chapa.

Majani yalilala njiani, moja moja, kuelekea kwetu. Mkanyagaji hakuonekana.

Projest akatupa kipaza sauti. Tukakimbia. Suzana akafungua mdomo apige yowe.

Hakikutoka kitu.

Mpaka leo hana sauti. Hospitali walimchungulia koo, wakasema ni zima. Mwekezaji alisema ni mafua, na jioni bado wanaita watu kwa majina. Watu wazima, na akili zao!

Lakini mama yake akijisahau akamwita, midomo ya Suzana inacheza kimya, na "abee" inasikika nje. Miaka ya mwanzo ilikuwa mbali, barabarani. Halafu uani. Juzi ilikuwa nyuma ya mlango, na kitasa kikazunguka...

Basi kesho ukija kwao Mkuyuni kumwona, nakuomba kitu kimoja. Usimwite. Mguse bega tu.