Deti ya Watu Watatu Omurushaka

Nilimmwagia mzee wa watu Fanta kifuani… mbele ya umati, huku rafiki yangu Noela anarekodi!

Ndugu zangu mnaosoma, msinihukumu kwanza. Au nihukumuni tu, nastahili.

Naitwa Sperancia, nasuka nywele hapa Omurushaka. Kahigi ni kijana wa Kanoni, mkulima wa kahawa, mpole mpaka anaboa. Kila siku meseji. Mie nilikuwa namchora tu, nacheka na Noela saluni.

Nikamwandikia: "Jumamosi saa kumi tutoke deti."

Akauliza: "Deti ndiyo nini?"

Tulicheka mpaka machozi!

"Njoo utaijua," nikamjibu.

Jumamosi akaja hotelini… na baba yake! Mzee Rwegasira, kavaa koti la kanisani, kabeba kikapu cha senene.

"Kahigi! Deti ni watu wawili! Mtu na mpenzi wake! Huyu babu wa nini?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko.

"Sperancia, naomba tukae kwanza," Kahigi alisema. "Kuna jambo…"

"Posa? Mmeniletea posa ya senene?!"

Mzee akaninyooshea mkono. "Mwanangu, samahani. Mimi ndiye niliyeomba kuja…"

"Usiniguse!"

Ndipo nikammwagia.

Hakujifuta hata. Alitoa picha mfukoni, akaiweka mezani. Msichana kasimama kwenye migomba, anacheka.

Mama yangu!

Mama aliyefariki bila kunitajia baba yangu ni nani. Nimemtafuta huyo baba tangu niko darasa la tano!

"Umeipata wapi hii?"

"Kokuberwa alikuwa mchumba wangu," alisema taratibu. "Nikiwa kazini Bukoba, ndugu zangu wakamfukuza na mimba yake. Nikaambiwa amekufa, yeye na mtoto. Juzi Kahigi kanionyesha picha yako, kasema umemwita deti. Nikaona sura ya Kokuberwa. Nikaenda Rubwera kwa mjomba wako, akakiri kila kitu. Huyu Kahigi ni mdogo wako."

Nikataka kushika mkono wa mzee. Akaurudisha nyuma.

"Nilikuja kumwona mwanangu," akasema. "Nimemwona."

"Tata, twende," Kahigi alisema, akamshika baba yake bega. Hakuniangalia.

Jioni Noela akairusha video… kipande cha kumwaga Fanta tu! Mpaka Kyerwa wakaiona.

Jumapili baada ya ibada nikapanda bodaboda hadi Kanoni. Nikamkuta mzee anaanika kahawa uani. Nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akaitikia bila kuinua macho. "Unamtafuta nani?"

Nililia pale mpaka mkewe akatoka, akaniomba kwa upole niondoke.

Jamani, mwacheni mtu amalize kusema kabla hamjamcheka. Leo namjua baba yangu, najua na nyumba yake, bodaboda ni muda mfupi tu…

Na bado sina baba.