Kabati Chini ya Sinki

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, na katikati ya msongamano huo mshonaji mmoja, aliyevaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, alikuwa amekumbatia kabati lenye sinki juu yake utadhani kuna mtu wa kumnyang'anya.

"Bafu lako lina ukubwa gani?" aliuliza fundi bomba aliyesimama nyuma yake.

Akamtajia vipimo. "Nimeongeza kidogo kila upande. Kama pindo."

Fundi alicheka mpaka watu wakageuka. "Dada, ukuta hauna pindo. Hili likiingia, wewe utanawia koridoni."

"Basi njoo upime mwenyewe, mjuaji."

Akaja kupima, na hakuacha kuja. Simu za mchana zikaanza. "Umekula, mrembo?" "Nimekula, fundi wangu, na usinipigie ukiwa juu ya ngazi." Sinki likasahaulika hadi fundi alipoanza kutaja ndoa. Hapo ndipo mshonaji alipoingiwa na hofu, akarudi kulilia kabati lake, safari hii akitaka lenye kufuli.

"Kufuli la nini? Sabuni itatoroka?"

"Nalitaka tu."

"Bafu lenyewe ukiinama kunawa, mgongo unagusa mlango. Au kuna kitu sitakiwi kukiona?"

"Ukinipenda, usiniulize."

Fundi akaingiwa na wivu. Aliwaza mwanaume mwingine. Masikini, hapakuwa na mwanaume yeyote. Palikuwa na vidonge vya kifafa. Mchumba wa kwanza alimwona mshonaji akianguka mara moja tu, na tangu siku hiyo hakupokea simu zake tena. Kwa hiyo vidonge aliviweka ndani ya pakiti ya pedi, kwenye ndoo nyuma ya sinki bovu, mahali ambapo aliamini hakuna mwanaume angegusa. Alisahau kwamba fundi bomba huanza kwa kuondoa kila kitu kilicho chini ya sinki.

Siku ya kazi ilipofika, mshonaji alikuwa chumbani kwenye cherehani aliposikia ndoo ikianguka bafuni. Akaacha kushona. Fundi akatoka na mfuko wake wa vifaa, hakumtazama. "Nakuja," alisema, akafunga mlango nyuma yake.

Mshonaji alipochungulia bafuni, alikuta vidonge vimetapakaa kwenye maji. Akampigia, simu imezimwa. Akapiga tena na tena, kisha akampigia dada yake.

"Dada, ameona. Ameondoka."

"Tulia, mdogo wangu. Umekunywa dawa leo?"

"Zimelowa. Naogopa, dada. Vidole vimeanza kufa ganzi."

"Kaa chini, mbali na hiyo cherehani. Usikate simu."

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akisubiri kuanguka. Hakuanguka. Aliyekuja ni fundi, jasho likimtiririka, na boksi dogo kwapani.

"Nilizima simu," alisema. "Niliogopa ukilia nitasema upuuzi kabla sijajua naongelea nini. Nimetoka kumuuliza mwenye duka la dawa."

"Basi umeshajua. Nenda zako."

"Niende wapi na sinki?"

Alifungua boksi. Lilikuwa sinki dogo la duara, la kufungwa ukutani kwenye kona, halina kabati wala miguu. "Kabati lina ncha. Ukianguka litakupasua kichwa. Dawa zitakaa juu, kwenye rafu ya wazi, nizione nikinawa."

"Siku ukiniona nimeanguka utakimbia kama mwenzako."

"Sijui nitafanya nini siku hiyo," alisema fundi. "Naogopa, mpenzi. Nimeogopa njia nzima."

Aliuweka mfuko chini, akachukua bisibisi, lakini badala ya kwenda ukutani akaanza kufungua bawaba za mlango wa bafu.

"Mlango nao umekukosea nini?"

"Unafungukia ndani. Ukianguka ukaulalia, nitaingiaje?"

"Anayehitaji kuingia ni mtu anayeishi humu."

"Ndiyo maana naugeuza," alisema, bila kuthubutu kumtazama. "Kama utanikubali."

Mshonaji alijifuta machozi kwa kiganja, akainuka, akaushika mlango kwa mikono miwili ili usimwangukie mume wake mtarajiwa.