Pindo Lililoachwa Wazi

Jambo la kwanza ambalo halikuwa sawa ni joto la ule uzi. Fundi alikuwa amekata nyuzi kwa meno tangu usichana wake, pamba, hariri, nailoni, na hakuna hata mmoja uliowahi kumchoma ulimi. Huu ulichoma. Aliutema kiganjani, akautia mfukoni, akatazama huku na huku kama mtoto aliyedokoa sukari.

Hakuna aliyemwona. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa mtupu saa ile ya asubuhi: kuta nyeupe, sakafu ya saruji iliyong'arishwa, na katikati gauni moja jeupe lililoning'inizwa kwa waya kutoka darini. Lilikuwa kubwa ajabu, la kuwaenea watu watatu kwa pamoja. Pindo lake lilishonwa kuzunguka karibu lote, kisha likaachwa wazi, upana wa kiganja tu, na sindano ikabaki inaning'inia kwenye uzi wake.

Sasa, kila mtu na ugonjwa wake. Wa fundi ulikuwa kutoweza kuona kazi ya sindano imeachwa njiani akapita. Aliwahi kumkata uzi bwana harusi mbele ya mpiga picha, na picha ipo. Ndiyo maana kwenye basi binti yake alimwonya mapema: "Mama, tunakokwenda hakuguswi kitu. Tafadhali." Binti huyo alikuwa na miaka kumi na saba, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Safari yenyewe ilikuwa yake, siku mbili mjini kutazama sanaa za siku hizi kabla ya kuanza chuo cha uchoraji. Mama alimsindikiza, na kwenye ukumbi wa kwanza alicheka mpaka machozi mbele ya rundo la matairi. "Hata kwetu yapo haya, ila hatujayabandikia karatasi ukutani."

Lakini pindo lile halikumchekesha. Chiriku alipoingia chumba cha pili na daftari lake la kuchorea, fundi alishika sindano. Mishono kumi na miwili, halafu fundo lake la mizunguko mitatu, ambalo hakuwahi kumfundisha mtu. Halafu meno.

"Mama, kuna kitu kinaungua?" Chiriku aliuliza akitokea mlangoni.

Ilikuwa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa kibichi. Fundi alimshika mkono wakatoka haraka.

Kwenye ukumbi wa tatu Chiriku hakusema neno. Mezani mchana hakusema neno. Fundi alidhani ni uchovu, akakipokea kile kimya kwa shukrani kidogo, jambo ambalo hajajisamehe mpaka leo. Waliporudi chumbani kwenye nyumba ya wageni, jua likiwa bado kali dirishani, alisikia mkasi ukikata kitambaa upande wa bafuni, taratibu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi.

Alisukuma mlango. Chiriku alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono ameinyoosha pembeni, kidevu juu, ametulia kabisa.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Ananipima," Chiriku alinong'ona.

"Nani?"

Midomo ya msichana ilicheza, sauti haikutoka. Alijaribu tena, machozi yakimtiririka, na shingoni pakasikika kitu kama kitambaa kinachochanika. Fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliutafuta uzi mfukoni. Haukuwemo.

Walirudi kwenye ukumbi wa gauni mbio, na fundi hakuhitaji utepe wa kupimia kuona kilichotokea, kwa sababu mabega yale aliyajua, na kiuno kile alikishonea sare tangu darasa la kwanza, na urefu ule ulikuwa wa kuishia chini kidogo ya goti la mwanawe, na gauni jeupe, ambalo asubuhi lingewaenea watu watatu, sasa lilikuwa la mtu mmoja tu, nalo lilipanda na kushuka kifuani polepole ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Mama mwangalizi wa ukumbi, miwani ikining'inia shingoni, alisimama mbali nalo.

"Nani amelifunga?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, dada. Mkono tu... nimezoea."

"Aliyelishona alituachia sharti moja, pindo lisifungwe. Humo mna jini. Likiwa wazi anaingia na kutoka. Likifungwa, anataka mtu." Alimtazama Chiriku, akateremsha macho. "Fungua fundo lako mwenyewe. Lakini msichana akae nje kabisa, hasa na hilo gauni alilovaa. Ulimshonea wewe?"

"Mimi."

"Basi fundo ni lile lile. Atalijua."

Fundi alimketisha Chiriku kwenye benchi la nje, akamshika mashavu. "Usiingie. Hata ukisikia nalia." Chiriku alitikisa kichwa kukubali.

Fundo lilikuwa la moto. Mzunguko wa kwanza uliachia, na gauni likavuta pumzi. Wa pili uliachia, ngozi ya vidole ikabaki kwenye uzi. Alipovuta wa tatu, nyuma yake akasikia sauti aliyoililia tangu mchana.

"Mama! Mama, naweza kusema!"

Chiriku alikuwa mlangoni, anacheka. Sauti ilikuwa imemrudia huko nje, naye kwa furaha akasahau kila kitu, akaingia mbio kumwambia mama yake. Fundo likafunguka. Gauni jeupe lilishuka, likawa kubwa na tupu kama mwanzo. Fundi alimkumbatia mwanawe akalia wazi wazi. Mama mwangalizi hakuja karibu.

Kwenye basi Chiriku aliongea njia nzima, na fundi hakumnyamazisha hata mara moja. Daftari la kuchorea lilibaki chini ya kiti, halikufunguliwa.

Nyumbani fundi alianza nguo za chuo. Chiriku alipanda juu ya kigoda, akanyoosha mikono pembeni kabla hajaambiwa. Chumba kilinuka pasi, na pasi ilikuwa baridi kabatini. Fundi alimwinua nywele apime shingo. Pale, ndani ya ngozi ya mwanawe, palikuwa na fundo dogo jeupe la mizunguko mitatu.

Kidole chake kililigusa, kikaanza kutafuta ncha ya uzi.

"Usifungue, mama," Chiriku alisema bila kugeuka. "Huyu amenienea."