Sauti ya Nne kwenye Boti

Mara ya kwanza walidhani ni Kibiriti na utani wake.

Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, aliendesha basi la shule, na kazi hiyo ilikuwa imemwachia ugonjwa wa kuhesabu watu. Hata harusini hakutulia mpaka ahakikishe waliokuja naye wote wapo. Basi siku waliyotweka tanga kwa mara ya kwanza, alishika usukani wa boti yao akapaza sauti: "Hesabu!"

"Moja!" aliitika mkewe, fundi cherehani, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo la tanga la akiba alilokuwa akilishona.

"Mbili," alisema Dada Mkubwa, kwa uchovu wa msichana aliyeburutwa likizo na wazazi wake.

"Tatu!" Huyo ndiye Kibiriti, kitinda mimba, aliyepata jina hilo kwa wembamba wake na kwa kuwaka haraka.

Kisha, kutoka kichumba cha mbele kinamowekwa kamba na nanga, mtu akasema polepole, kama aliyeamshwa usingizini: "Nne."

"We Kibiriti, huchoki?" mama yake alicheka.

"Mama, si niko hapa! Miguu hii ni ya nani?"

Kweli, alikuwa amekaa ubavuni mwake. Dereva akaenda kuchungulia. Aliona kamba, aliona nanga, akasikia harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Sasa, Dereva alikuwa mtu ambaye akiogopa hutania, na akiogopa sana hutania zaidi. Aliinamisha kichwa mlangoni akasema kwa sauti ya mwenye nyumba: "Karibu sana, Nne! Jisikie nyumbani, sisi hatuna ubaguzi!"

Wote walicheka. Ndivyo alivyokosea.

Boti yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mbao nzito za msaji, maridadi kama bibi aliyewahi kuwa mrembo na bado anajua. Familia isiyomudu hoteli ingelala humo na kupikia humo, ikitembea pwani kwa nguvu ya upepo, ambao haulipiwi. Ilivuja, lakini nani asiyevuja akifika umri ule? Mzee aliyewauzia alikuwa na tabia moja tu ya ajabu: akiwa botini hakuita mtu. Alipomtaka msaidizi wake aliyekuwa mbele, alinyanyuka na magoti yake mabovu, akamfuata mpaka alipo, akamshika bega. Dereva alidhani ni adabu. Alitamani hata mkewe aone, aige.

Likizo ikaendelea, na kila hesabu ikawa na mtu wa ziada. Ile harufu ya ubichi ilitoka kichumba cha mbele ikahamia jikoni, ikatoka jikoni ikaingia kwenye mito ya kulalia. Asubuhi moja Dada Mkubwa alimfuata baba yake kwenye usukani, akanong'ona akiwa ameupa mlango mgongo.

"Baba, naomba tusihesabu tena."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Jana hakusemea kule mbele. Alisemea hapa sikioni. Na pumzi yake ni ya baridi."

Dereva alitafuta utani, akaukosa. "Nisipohesabu," alisema, "nitajuaje kama mpo?"

"Utuangalie tu."

Waliamua kurudi nyumbani siku ileile. Jua lilikuwa utosini wakati upepo ulipogeuka ghafla, na wingu jeusi ambalo hakuna aliyeliona likija likawafunika, na mvua ikaanguka nzito kiasi kwamba Dereva hakuona mlingoti uliokuwa mbele ya pua yake, na boti ikalala ubavu, na sufuria zikamwagika, na mkewe akapiga kelele kutoka kusikojulikana, na yeye, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani na maji yakimpiga machoni, akafanya kitu pekee alichokijua.

"Hesabu!"

"Moja!"

"Mbili, baba!"

"Tatu!"

Alisubiri. Mvua ikapiga, mbao zikalia, na sauti ya nne haikuja. Alisubiri tena. Haikuja, na moyo wake ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

Wingu lilipopita alikuwa anacheka. "Ameondoka! Mke wangu, umesikia? Leo hajaitika!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa anatazama pale alipokaa Kibiriti. Palikuwa na kandambili moja.

Walimpata nyuma ya boti, amening'inia kwenye kamba ya kidau kidogo walichokuwa wakikikokota, kichwa kikizama na kuibuka. Walimvuta, mikono yao ikiteleza. Midomo yake ilikuwa ya kijivu, na kamba ilikuwa imemchubua viganja mpaka nyama.

"Mbona hukuita, mwanangu?" Dereva alilia. "Mbona hukupiga kelele?"

"Niliita, baba. Ukaniitikia."

"Mimi?"

"Ulisema umeniona. Ukasema niachie kamba, unakuja kunidaka."

Mama yake akauliza kwa sauti ndogo sana: "Na hukuachia?"

"Si huwa mnasema mimi sisikii?"

Walimleta mganga, mama mnene mpole aliyefika na kiti chake cha kukunja kwa sababu ya mgongo. Alijifungia botini mchana kweupe. Kutoka nje walimsikia akisoma, kisha akigombana, kisha akibembeleza, kisha akikohoa kwa muda mrefu. Alipotoka, midomo ilikuwa imemkauka.

"Nani alimkaribisha?"

Dereva alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Botini ametoka," alisema mganga. "Ila kuna kitu alichukua, nimemwomba, hakurudisha. Kila ulipowaita wanao, baba, alikuwa anajifunza kuita."

Dereva hakuiuza boti. Hakuwa na moyo wa kumfanyia mwenzake alichofanyiwa. Aliipasua kwa shoka, akaichoma, akarudi kwenye basi lake.

Tangu hapo Kibiriti hakuitika akiitwa na baba yake. Aliacha alichokuwa akikifanya, akaja mpaka karibu, akamtazama kwanza mdomo.

Alasiri moja Dereva alikuwa sebuleni, amejaza mdomo chai, Kibiriti alipotoka chumbani akasimama mbele yake. Alimtazama mdomo. Akatazama kikombe. Uso wake ukafifia.

"Baba. Si wewe uliyeniita?"

Dereva alimeza. Alitikisa kichwa bila kusema neno, kwa sababu alihofia sauti yake mwenyewe, akamshika mtoto mkono, kile kiganja chenye makovu, akakibana. Mkewe akasimamisha cherehani. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na upepo ukaingiza harufu ya ubichi.

Nje, karibu na tangi la maji, sauti ya Dereva ikamwita mtoto mara ya pili, kwa upole kuliko yeye alivyowahi kumwita.