Bipu Moja Asubuhi

Tangazo kwa wananchi wote. Hii ni hadithi ya mapenzi motomoto ya mjini, ya vijana wawili warembo, na ndani yake hakuna atakayekufa. Naomba utulivu.

Sawa, vijana wenyewe mmoja ana miaka sabini na moja, mwenzake sitini na tisa, na walikutana kwenye foleni ya kupima presha.

Foleni ilijaa ukumbi wa zahanati hadi mlangoni. Fundi, mshonaji mstaafu aliyefiwa na mkewe, alivaa suti ya kijivu aliyojishonea enzi bado ana mwili. Sasa ilimning'inia kama ya kuazima. Mbele yake alisimama mama mmoja, gauni la maua, miguuni raba nyekundu.

"Bibie, hilo pindo kalishona nani? Limepanda upande mmoja."

"Nimelishona mimi. Na wewe hiyo suti umeirithi kwa nani?"

Presha ya Fundi ilipopimwa, ilikuwa juu. Alimlaumu yule mama. Kumbe mama mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, na hata manesi walimwita Mwalimu.

Wote wawili walikuwa wamekuja kujiunga na kikundi cha wazee: kunyoosha viungo, kuimba, kupiga soga. Nesi aliyekiongoza alisema dawa hazimtoshi mtu anayekula peke yake, kwa hiyo kila anayeishi peke yake alipewa mwenzi wa kubipiana naye asubuhi. Simu ikilia mara moja na kukatika, maana yake nimeamka salama. Ikiendelea kulia, nina shida, njoo.

Fundi akapangiwa Mwalimu. Akajifanya kuguna.

Haukupita muda, bipu zikazaa simu za mchana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chai."

"Chai hailiwi, mzee wangu. Vaa suti yako ya urithi uje, nimepika."

Alikwenda. Baada ya kula alipiga magoti akamrekebishia lile pindo, gauni likiwa mwilini, na uzi akaukata kwa meno.

Asubuhi moja simu ililia mara moja, ikakatika. "Mrembo kaamka," Fundi akasema, akageukia ukutani akalala tena. Mchana alipiga, hapatikani. Jana yake walikuwa wamebishana juu ya kupaka nywele rangi, akadhani amenuna.

Jioni jirani akavunja mlango. Mwalimu alikuwa sakafuni bafuni tangu alfajiri, nyonga imevunjika. Alikuwa amempigia Fundi kuomba msaada, na betri ikafa baada ya mlio wa kwanza.

Fundi hakwenda hospitali. Angeingia na uso gani? Alishinda kitandani na viatu miguuni, na kikundini hakuonekana. Kule wodini, Mwalimu alimwambia binti yake, "Wanaume hawataki mwanamke asiyetembea."

Kisha asubuhi moja simu ya Fundi ililia, na haikukatika.

Alifika wodini na suti, na kandambili.

"Ilipolia mara moja tu," Mwalimu alisema, "nikajua utalala tena."

"Nililala."

"Najua."

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Tuhamie nyumba moja, mpenzi. Tusibipiane tena."

"Unanichumbia na kandambili?"

"Ndiyo."

"Leo umekula?"

"Chai."

"Basi itabidi nikubali. Ila uniahidi utakula."

Akaahidi. Wakahamia nyumba moja, wakaishi raha mustarehe, na mpaka leo kila asubuhi simu ya Fundi hulia mara moja na kukatika.

Haya, umenikamata. Watu wa nyumba moja wanabipiana ya nini?

Nakiri. Mwalimu hakutoka wodini. Kulala chali kulimharibia mapafu, na Fundi aliipunguza suti ya kijivu ili imkae vizuri mazishini. Bipu hutoka kwenye simu ya marehemu, anayo binti yake.

"Shikamoo, baba," binti alisema siku ya kwanza, Fundi alipowahi kupokea. "Ni mimi tu. Mama ameniachia zamu."

Fundi naye humbipu. Halafu hushuka kitandani, huchemsha chai, na kwa kuwa aliahidi, hubandika na sufuria ya chakula.

Nilitaka sana asife mtu. Tangazo la mwanzo limefutwa.