Limeziba Tu

Ndugu zangu, hasa ninyi wenye tabia ya kumtibu mtu kabla hajamaliza kueleza anachoumwa, sogeeni karibu. Hadithi hii ni yenu, na mimi ninayeisimulia siko nje.

Palikuwa na fundi wa kutengeneza vyerehani ambaye watu walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimletea mashine mbovu hakuwa na haraka ya kuifungua. Alizungusha gurudumu taratibu, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha mashine na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto, kisha akafumba macho. "Inalia chini, upande wa bobini," husema. Ukifungua, ni hapo hapo. Akikuta mwenye mashine ameshaimiminia mafuta, uso ulimbadilika: "Mafuta ya nini? Kwanza ujue kinacholia!"

Kila asubuhi alikunywa chai na mkewe kwenye meza ndogo ya jikoni, mke akiwa kushoto kwake. Mama yule alikuwa na sauti ya chini, na vichekesho vyake vyote alivisema kwa sauti hiyo hiyo, kana kwamba ni siri. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na bado fundi alikuwa akipaliwa na chai kwa kucheka.

Asubuhi moja mke alisema lake, akacheka peke yake.

"Baba watoto, mbona umenuna?"

"Sijanuna. Sikio hili la kushoto, nimeamka nalo hivi. Lina mlio mwembamba, kisha basi, kimya. Limeziba tu."

Hapo, ndugu zangu. Neno dogo hilo ndilo lililoleta balaa, kwa sababu kitu kikiziba watu hufanya nini? Huzibua.

Mke alipasha mafuta kidogo moto, akamlaza mumewe kichwa mapajani na kumdondoshea sikioni. Ukweli usemwe, fundi alifurahia mapaja kuliko mafuta. Akalala hapo mpaka akaanza kukoroma, na mke hakuthubutu kunyanyuka hadi mguu ukafa ganzi. Walifanya hivyo siku tatu. Sikio halikubadilika.

Siku ya nne akaja dada mkubwa wa fundi, mwanamke wa amri, na beseni lake la maji ya moto.

"Wifi, mafuta yanalainisha tu," alisema. "Mvuke unasukuma."

"Lakini dada, maji ya moto hivyo si atababuka?"

"Huyu? Nimemlea mimi huyu. Mdogo wangu, inama!"

Fundi akainama, akafunikwa shuka mpaka akatoka amelowa jasho. Wanawake wale wawili walibishana kwa mapenzi tupu: mafuta au mvuke, au vyote viwili, au matone yale ya dukani yaliyomponya mtoto wa jirani. Mwishowe wakakubaliana matone yaanze na mafuta yafuate. Mgonjwa hakuulizwa kitu, na hata angeulizwa, angeulizwa upande usiosikia.

Naye alikuwa na kosa lake. Siku ya sita, akiwa peke yake kwenye meza ya kazi, aliweka bisibisi nyuma ya sikio la kushoto kama kawaida. Mlio wa mashine ukamjia sikio la kulia, mbali, kama uko chumba cha pili. Alishangaa. Akaitazama bisibisi, akaiweka kando, akachukua nyingine. Hofu ilimshika, nami sitamficha: aliogopa kiasi kwamba aliona afadhali bisibisi iwe mbovu.

Siku ya tisa mshonaji mmoja alirudisha mashine aliyokabidhiwa juzi yake kwamba ni nzima. Sindano ilikuwa imevunjika vipande viwili.

"Fundi, inagonga hii. Wewe ndiye wa kukosa kusikia hivi kweli?"

"Sikio limeziba, mama. Tangu wiki iliyopita."

Mshonaji akaacha hasira palepale. "Ghafla? Bila mafua, bila maumivu? Shemeji yangu lilimpata hilo hilo. Funga kibanda, uende hospitali leo. Leo, fundi, si kesho."

Fundi akaenda na mkewe siku hiyo hiyo. Daktari wa masikio alikuwa binti mdogo kuliko mwanawe wa kwanza. Alimulika ndani, akafuta mafuta, akasema njia ni nyeupe, hakuna nta wala usaha. Kisha akachukua chuma chenye ncha mbili, akakigonga kikalia, akakisimamisha katikati ya paji la uso wa fundi.

"Mlio umeelekea wapi, mzee?"

"Kulia."

"Lingekuwa limeziba, mlio ungeelemea upande ulioziba. Umekwenda upande mzima. Hili halijaziba, mzee. Limepoteza usikivu ndani kabisa, na mara nyingi hata sisi hatujui kwa nini."

Fundi aliinama. Kipimo kile alikuwa amejifanyia mwenyewe siku ya sita, kwa bisibisi, na akailaumu bisibisi.

Vipimo vya kuvaa visikilizi masikioni vikathibitisha, na daktari akawaeleza tiba bila kuwaficha. Kuna vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe: rahisi kumeza, lakini huzunguka mwili mzima na hupandisha sukari.

"Sukari anayo," mke akadakia.

"Basi kuna dawa hiyo hiyo kwa sindano, kupitia ngoma ya sikio. Haifurahishi na utarudi mara kadhaa, lakini inabaki palepale inapotakiwa. Wapo pia wanaoongezewa oksijeni ndani ya chumba maalumu. Hapa hatuna, na peke yake haitoshi. Kwako wewe ningechagua sindano."

"Na mafuta yetu?" mke aliuliza. "Ndiyo yaliyomharibu?"

"Hapana, mama. Mafuta hayakumharibu. Yamekula siku. Siku tisa hizo ndizo ningezitaka. Hata wanaowahi hawaponi wote, lakini nafasi yao ni kubwa zaidi."

Mke alilia pale pale kitini. Fundi akamshika mkono, akasema, "Nililala mapajani mwako siku tatu, mke wangu. Hizo sizijutii." Daktari akajifanya anaandika.

Alichomwa sindano nne, na dada mkubwa alimsindikiza mara mbili bila kutoa amri hata moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Miezi miwili baadaye vipimo vilionyesha kwamba nusu ya usikivu imerudi. Mngurumo wa mashine anausikia. Mlio mwembamba wa sindano, ule uliompa jina, hausikii tena upande ule, na sasa bisibisi anaiweka kulia.

Asubuhi baada ya vipimo hivyo mke alihamisha kiti chake, akakaa kulia. Fundi akainuka, akakishika kiti hicho na kukirudisha kushoto.

"Kaa mahali pako. Wewe ongea kwa nguvu."

"Majirani watasikia upuuzi wangu wote!"

"Nao wacheke. Nimecheka peke yangu miaka ishirini na sita."

Mke akavuta pumzi, akakisema kichekesho chake kwa sauti kubwa, sauti yake ya chini akaiacha. Fundi akapaliwa na chai.

Funzo

Ndugu zangu, sikio likizima ghafla, usiseme limeziba tu, wala usikubali kuambiwa hivyo na anayekupenda. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na kama ni usiku, asubuhi yake. Umweleze magonjwa mengine uliyonayo, maana tiba iliyomfaa mwenzako huenda isikufae wewe. Na sisi tunaowapenda wagonjwa wetu, tuwapakate, tuwafunike, tuwasindikize hospitali. Mafuta tuyaache mpaka tujue kinacholia.