Safu ya Ndani

Utengano ni nguvu, umoja ni udhaifu. Aliyesema kinyume chake hakuwahi kufungua magazeti ya mwaka mzima yaliyoshonwa kuwa jalada moja, akajaribu kusoma safu ya ndani, ile inayomezwa na mshono. Bi Vumbi alijaribu kila siku. Ndiyo ilikuwa kazi yake.

Jina hilo alipewa na mwanamume, dukani kwa muuza misumari na rangi, adhuhuri moja ambapo wateja walibanana kwenye kaunta na kila mmoja alijiona ndiye wa kwanza. Dada huyu alikuwa ametoka maktaba na gauni lake la njano lenye mifuko mikubwa. Akanyoosha mkono kuchukua brashi laini, iliyobaki moja tu. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

"Dada, hiyo yangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Nimeiona tangu mlangoni."

"Hata mimi benki naiona tangu mlangoni, na sijatajirika."

Watu wakacheka. Kijana alikuwa mrefu, mikono ya shati lake jeupe imekunjwa hadi viwikoni, gundi imemkaukia kwenye kucha.

"Unaitakia nini?"

"Kufutia vumbi magazeti ya zamani. Tunayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, tunayaweka mtandaoni, mtu ayasome hata akiwa amelala kitandani kwake."

"Ndiyo maana una vumbi mpaka kwenye nyusi." Akaiachia brashi. "Chukua, Bi Vumbi. Mimi najalidi vitabu. Magazeti hayo yalishonwa na nani?"

Yalishonwa na baba wa kijana huyohuyo.

Basi Fundi, ndivyo alivyomwita, akawa mgeni wa kila jioni katika chumba cha juu cha maktaba, ambako kamera ya kuazima ilining'inia juu ya meza yenye kitambaa cheusi. Gazeti lenyewe, gazeti la mji, lilikuwa limekufa zamani pamoja na kiwanda chake. Majalada yale ndiyo nakala pekee iliyosalia; ukurasa ukivunjika, hakuna pa kukimbilia. Fundi alimfundisha kufumua mshono bila kuchana karatasi. Yeye akifumua, Bi Vumbi anapiga picha. Katikati ya kazi hiyo, bila mmoja wao kutangaza, wakawa wanapendana.

"Umekula?" Fundi alizoea kuuliza kwa simu mchana.

"Nimekula vumbi."

"Pole, malkia wangu. Nije nikupanguse?"

"Njoo na maji ya kunywa. Maneno ninayo ya kutosha."

Likabaki jalada moja, la kitambaa cha kijani, lenye pembe za ngozi. Fundi aliliwekea kiganja kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Hili tuliache. Ndilo la kwanza mzee kulishona kwa mikono yake. Ana presha, na macho yamefifia, hawezi hata kusoma. Akisikia limefumuliwa, atakufa kweli."

Bi Vumbi alipangusa lenzi ya kamera. Fundi akadhani amekubali.

Wiki ya kurudisha kamera ilipofika, Bi Vumbi alijaribu kulipiga picha likiwa vilevile. Kila ukurasa, safu ya ndani ilitumbukia kwenye mkunjo. Alipolikandamiza kwa kioo ili lilale, karatasi ikalia kama jani kavu, na tangazo la msiba wa mtu likapukutika mezani. Akapiga simu.

"Mpenzi, nipe ruhusa nilifumue."

"Hapana. Lipige hivyohivyo."

"Maneno mengine hayaonekani."

"Kidogo si haba, Bi Vumbi."

"Kamwambie hivyo mtu ambaye marehemu mama yake yuko kwenye hayo yasiyoonekana."

"Nimekuomba kitu kimoja tu tangu tujuane. Kimoja!" Akakata simu.

Bi Vumbi akakaa. Alimwaza yule kijana, alivyocheka kwa mabega yote mawili. Akawaza ule mji uliomo ndani ya jalada: waliozaliwa, waliofunga mabao, aliyepotelewa na baiskeli na bado akatoa tangazo kwa adabu. Wote walikuwa wakisubiri kumezwa. Akachukua wembe mdogo, akafumua uzi mmoja mmoja. Alipiga picha kurasa zote. Kisha akapiga simu mwenyewe, kabla umbeya haujamtangulia.

"Nimelifumua."

Upande wa pili kitu kizito kikawekwa mezani.

"Kumbe ndivyo ulivyo," Fundi akasema, kisha akakata simu.

Hakuja tena jioni, wala hakupokea simu. Bi Vumbi alirudisha kamera, akaanza kusafisha picha kwenye kompyuta, huku machozi yakimshuka na pua ikimsumbua. Hakuyafuta kwa aibu. Mtu anaweza kulia na bado akawa na haki.

Siku moja ngazi zikalalamika. Akaingia mzee mfupi aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, akipapasa ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenichinja?"

Alimtambua kwa mabega, yaleyale ya Fundi. "Ni mimi."

"Onyesha maiti."

Bi Vumbi akamfunulia: pande mbili za jalada la kijani, uzi uliokunjwa vizuri, karatasi zimelazwa kwenye sanduku. Vidole vya mzee vikatembea juu ya matundu ya sindano.

"Umeanzia katikati," akanung'unika. "Mwanangu angeanzia pembeni, akaharibu. Haya, hizo picha zenu ziko wapi?"

Bi Vumbi akamvutia kiti, akakuza maandishi hadi kila herufi ikawa kubwa kama kifungo cha koti. Mzee akasogeza uso. Midomo ikaanza kucheza.

"Nasoma," akasema, kana kwamba anamshtaki mtu. "Sogeza. Sogeza! Ah, huyu fundi cherehani anajisifu hapa, alikuwa mwongo huyu. Alinishonea suruali ya mguu mmoja mrefu!" Akacheka hadi akakohoa. Baadaye kidogo akaishusha sauti. "Hii safu niliishona mwenyewe nikaifungia ndani. Kumbe ilikuwa na watu."

Akachomoa simu. "Njoo unichukue maktaba... Sijafa, mwanangu. Nimekwambia nasoma."

Fundi alifika akihema, vifungo vya shati vimekosana. Akamkuta baba yake kakodoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Baba, presha..."

"Nyamaza, nimefika kwenye mpira."

Fundi na Bi Vumbi wakatoka hadi kwenye ujia, wakasimama kando ya dirisha.

"Ulijua atafurahi?"

"Sikujua. Hata kama angekuja kunilaani, ningelifumua."

Fundi akatazama viatu vyake. "Simu yako ilikuwa ikiita, naitazama tu. Hamu imenimaliza, Bi Vumbi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga. Nani alichoka zaidi?"

Wakacheka, kicheko chenye ufa. Fundi akamshika mkono.

"Nataka kukuoa. Nimeliwaza hili hata nilipokuwa nimekununia. Ila bado nina donge hapa. Nilikuomba kimoja, ukafanya kingine. Sema samahani tu, liyeyuke."

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na kijana alikuwa mzuri, na chumbani mzee alikuwa akishangilia bao lililofungwa kabla wao hawajazaliwa. Bi Vumbi akaupima ulimi wake. Akilisema leo, atalisema maisha yake yote, kila atakapolazimika kuchagua.

"Nitaolewa nawe, hata kesho," akasema. "Ulipoumia, niliumia. Ukiumwa nitakesha, ukinuna nitakupigia simu hadi uchoke. Lakini lile jalada nililifumua kwa akili zangu timamu, na ukiniletea jingine nitalifumua. Samahani huipati, mpenzi. Siombi."